Sura ya Sita: Sifa Inunuliwayo kwa Shilingi

Katika nchi ya Yimbo, mahali ambapo barabara itokayo Bondo hukutana na maji ya ziwa ambalo dunia hulijua kwa jina la Viktoria na wenyeji hawakuacha kuliita Nam Lolwe, upo mji mdogo wa wavuvi uitwao Usenge, wenye soko lake, na mashua zake ziendazo kisiwa cha Mageta, na si mbali nao kilima cha Got Ramogi, ambacho Wajaluo wa Kenya hukihesabu kuwa makao ya kwanza ya babu yao Ramogi Ajwang' katika nchi hii. Msafiri apitaye kwa haraka huondoka akikumbuka jua na harufu ya samaki. Akikawia mpaka usiku, na hasa usiku huo ukiwa wa matanga, huenda akaona ada moja ambayo kwa rai yangu yastahili sura nzima katika kitabu kisemacho juu ya vicheko vya wanadamu: ataona watu wazima, wenye mvi na wajukuu, wakitoa fedha mifukoni mwao ili wapewe ruhusa ya kujisifu mbele ya watu.

Ada hiyo huitwa pakruok, na baraza lake la asili ni mbele ya mpiga nyatiti. Mpigaji, ambaye wenyewe humwita jathum, huketi juu ya kigoda kifupi, chombo chake cha nyuzi 8 kikiwa kimelazwa mbele yake, pete nzito ya chuma katika kidole gumba cha mguu ikigonga ubao kuhesabu mapigo, na njuga zikijibu kutoka kifundoni. Naye huimba habari za marehemu, za ukoo wake, za mwenyeji aliyemwalika, na pengine za mtu aliyewahi kumnyima chakula miaka mingi iliyopita na ambaye, kwa bahati yake mbaya, amehudhuria. Wimbo ukiisha kukolea, mtu mmoja huinuka katika hadhira, akamwendea, akatoa sarafu au noti, na nyuzi zikashusha sauti au zikanyamaza kabisa. Muda ule sasa ni milki ya yule aliyelipa, na kumkatiza kabla hajamaliza ni utovu wa adabu ambao hata mzee wa boma hatauthubutu.

Aghalabu huanza na nasaba, kwa maana Mjaluo hajisifu akiwa peke yake. Huja na jamaa zake wote nyuma yake. Atajitaja kwa ukoo wa mama, wuod nyar Alego, mwana wa binti wa Alego, au wa Gem, au wa Uyoma, kwa kuwa katika boma la wake wengi baba ni wa wote na mama ndiye awapambanuaye. Kisha atataja kijiji, wajomba, rafiki, mke, na pengine ng'ombe. Baada ya nasaba hufuata majazi, na hapo ndipo fasaha ya mtu hupimwa. Mvuvi aweza kutangaza kuwa yeye ndiye ndovu aliyevuka mto Yala pasipo kulowa magoti. Kwamba nyavu zake zikitandazwa, samaki huagana na watoto wao. Kwamba mkewe akipita sokoni, wauza omena, yaani dagaa wa ziwani, husahau bei. Mifano hii nimeitunga mwenyewe kwa kufuata kaida yao, kwa sababu pakruok ya kweli ni mali ya mwenyewe, naye aliyeigharimia kwa miaka na kwa shilingi asingependa kuikuta imechapwa kitabuni bila ya ada kulipwa.

Asemapo hivyo, wenzake humwitikia na kumchochea, wala hawamsahihishi. Na akiketi, mwingine huinuka na fedha yake, si ili amkanushe, kwa maana kukanusha ni kukosa adabu na, zaidi ya hayo, ni kukosa akili, bali apande juu ya kauli ile ile aliyoiacha mwenzake. Kama wa kwanza nyavu zake ziliwatisha samaki, wa pili atajitambulisha kuwa yeye ndiye ziwa lenyewe lililompa huyo ruhusa ya kuvua. Wa tatu, ambaye huenda akawa mjane muuza mboga mwenye ulimi mkali kuliko wote wawili, atasema kwamba yeye ndiye aliyewasongea ugali hao mabwana tangu hawajaota meno, na deni halijalipwa hata leo. Hapo boma zima huangua kicheko, nyuzi hurudi kwa kishindo, na fedha iliyokuwa ya watu watatu imekuwa ya mmoja.

Sharti la mzaha huu, ambalo mgeni hulipita bila kuliona, ni kwamba kila aliyepo aijua hali ya msemaji kwa yakini. Wajua kwamba huyo ndovu hana mashua. Katika fukwe hizi, kama katika fukwe nyingi za ziwa hili, mwenye mashua na nyavu ni mtu mmoja, na waendao majini usiku ni wengine. Na mapato yakiisha kugawanywa, baada ya kutolewa gharama za mafuta na matengenezo, fungu la baharia laweza kutosha unga na lisitoshe sukari. Wajua pia habari ya mbuta, yule samaki mkubwa aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akala wenziwe wadogo mpaka baadhi yao wakatoweka, kisha viwanda vya minofu vilipoinuka Kisumu na kwingineko katika miaka ya 1980 nyama yake ikasafiri Ulaya, na kwa watu wa mwambao yakabaki mafupa, pamoja na kichwa na mkia, yakaangwe na kuuzwa sokoni. Mafupa hayo waliyaita mgongo wazi, jina ambalo fundi wa nguo za bibi arusi angelielewa upesi kuliko mtaalamu wa uvuvi. Tena wajua kwamba tangu Aprili mpaka Julai serikali huifunga omena ipumzike na kuzaa, na kwamba katika miezi hiyo huyo ambaye samaki humwaga machozi kwa ajili yake huwa na deni dukani. Mtu huyo, akijua kuwa wote wajua, hununua kwa shilingi chache dakika moja ya kuwa sultani, na wote humruhusu, kwa kuwa zamu yao yaja.

Kwa hiyo pakruok si ghururi. Mwenye ghururi hutaka asadikiwe. Mwenye pakruok akisadikiwa hupata hasara kubwa, maana mtu akija kesho yake kumkopa fedha kwa kuyaamini aliyoyasema usiku, atakuwa amemwaibisha na kujiaibisha. Mubalagha hapa ni adabu. Kusifu kwa kadiri ya kweli, kwa mfano kusema kwamba mimi ni mvuvi mwenye bidii na nimesomesha watoto wawili, kungekuwa kujisifu halisi, na hadhira ingenyamaza kwa haya.

Wala haipasi kudhani kwamba kila mahali katika nchi ya Wajaluo ni mahali pa kucheka. Mtu hamfanyii mzaha mama mkwe wake; hupita mbali naye, hushusha macho, na neno moja la utani mbele yake laweza kuzungumzwa katika ukoo kwa miaka. Kinyume chake bibi na mjukuu wana uhuru usio na mipaka: bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume wangu, humlaumu mbele ya watu kwa kutomletea kitenge, humtishia kuwa ataolewa na mwingine, na mtoto wa miaka 6 hujifunza hapo kujibu kwa maneno makubwa kuliko umri wake. Katika siwindhe, nyumba ya ajuza ambamo watoto walilala na kusimuliwa ngano za Apwoyo, sungura mwerevu, ndimo vijana wa zamani walimozoezwa ulimi, kama walivyoeleza kwa urefu David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo katika kitabu chao juu ya Siaya kilichotolewa mwaka 1989. Siwindhe imekwisha katika maboma mengi, bibi yungalipo.

Nimeanza na Usenge, lakini nia yangu ilikuwa kuileta ada hii mbele ya ndugu yake wa mbali, ambaye wanazuoni wa vicheko wamemwandikia maktaba nzima, nami sijaona aliyewaweka wawili hao katika baraza moja. Ndugu huyo ni mzaha wa Wayahudi wa Ulaya ya mashariki, na lugha yake ni Kiyidishi.

Kiyidishi kilianza yapata miaka 1,000 iliyopita kandokando ya mto Rhine, miongoni mwa Wayahudi walioishika lugha ya majirani zao Wajerumani, wakaiandika kwa herufi za Kiebrania kutoka kulia kwenda kushoto, wakaitia maneno ya vitabu vyao vitakatifu, na walipohamia mashariki kwa kukimbia maudhi, katika Poland, Lithuania na Ukraine, wakaongeza maneno ya Waslavi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana jinsi lugha iwezavyo kupokea maneno ya mataifa bila kuitupa sarufi yake, wala jinsi lugha isemwayo na watu wa kawaida iwezavyo kuandikwa kwa herufi za kitabu kitukufu. Wenye elimu miongoni mwa Wayahudi wenyewe waliidharau kwa muda mrefu, wakisema ni lugha ya jikoni na ya wanawake, isiyo na adhama ya Kiebrania wala usafi wa Kijerumani. Na nadhani dharau hiyo ndiyo iliyoihifadhi kwa kicheko, kwa kuwa hakuna aliyeisimamia ili isiseme upuuzi. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ilisemwa na watu wapatao milioni 11. Katika Wayahudi milioni 6 waliouawa na Wanazi, walio wengi walikuwa wasemaji wake. Mwandishi mpendwa wa lugha hiyo, Sholem Rabinovitsh, aliyezaliwa Ukraine mwaka 1859 na kufariki New York mwaka 1916, alijichagulia kwa kalamu jina la Sholem Aleichem, ambalo msomaji wa pwani yetu ataliitikia kabla hajafikiri. Na mwaka 1978 Isaac Bashevis Singer, mzaliwa wa Poland aliyehamia Marekani, alipewa Tuzo ya Nobel kwa hadithi alizoziandika kwa lugha ambayo wengi walikuwa wamekwisha kuizika.

Mzaha wa lugha hiyo hushuka ambako ule wa Usenge hupanda. Mtu mkuu katika hadithi za Sholem Aleichem ni Tevye, muuza maziwa mwenye mabinti wengi na farasi mchovu, ambaye humnukulia Mungu maandiko matakatifu, mara kwa mara kwa makosa, ili apate kumlalamikia juu ya umaskini wake. Hajiiti ndovu, hujiita mtu asiye na bahati hata ya kukosa bahati vizuri. Kuna aina mbili za mafukara wa nasibu ambazo Kiyidishi huzipambanua kwa uangalifu ambao wanasheria wangeuonea wivu: schlemiel, ambaye akichukua bakuli ya mchuzi lazima aimwage, na schlimazel, ambaye ndiye aliyeketi mahali mchuzi umwagikapo. Kuna mji wa Chelm, mji wa kweli nchini Poland, ambao masimulizi yaliufanya kuwa makao ya wajinga waitwao wenye hekima. Hao waliona kwamba usiku wa giza mji wao hauna taa, wakasubiri mwezi mpevu ujionyeshe katika pipa la maji, wakafunika pipa kwa haraka, wakaweka muhuri na walinzi. Na giza lilipokuja wakafungua kwa sherehe, wakakuta mwezi umeibiwa. Abunuwasi wetu huwashinda wenye nguvu kwa akili. Watu wa Chelm hawamshindi mtu, nao hawajui kwamba wameshindwa.

Hata laana zao ni za namna ile. Mwenye hasira humwombea adui yake meno yote yang'oke isipokuwa moja, na hilo moja libaki limwume. Katika laana hiyo nasikia ujuzi wa watu waliokaa sana na maumivu, wakajua kuyapima.

Ni kwa nini hawa walishuka na wale wakapanda? Sigmund Freud, ambaye alitoa kitabu kizima juu ya mzaha mwaka 1905 na akakijaza masihara ya Kiyahudi, alistaajabia jinsi taifa hilo lilivyojicheka lenyewe. Jibu langu ni la mtu wa kawaida. Myahudi wa vijiji vile aliishi kati ya majirani waliokuwa na uwezo wa kumvunjia dirisha siku yoyote ya sikukuu yao, na mtu wa namna hiyo hafaidiki kwa kujifanya mkubwa. Akijidhili mwenyewe kwa ufundi, hapana mwingine atakayeweza kumdhili kwa ufundi zaidi. Mjaluo wa Yimbo amekuwa na umaskini, naye alitawaliwa na wageni miaka mingi, na kisiwa cha Mageta anachokitazama kila asubuhi kiligeuzwa kambi ya wafungwa wa Mau Mau katika miaka ya 1950. Lakini usiku wa matanga yumo katika nchi ya babu zake, makaburi yao yapo hapo bomani, na wanaomsikiliza ni watu ambao babu zao walimjua babu yake. Ana pa kusimama, basi aweza kuruka.

Hata hivyo mizaha hiyo miwili yasimama juu ya sharti lile lile, kwamba hadhira ijue kweli iliyo chini ya maneno. Mwondoe mjuzi, neno hubadilika. Wayahudi walikuwa na neno chutzpah kwa ufidhuli usio na haya, na mfano wake wa mapokeo ni kijana aliyewaua baba na mama, kisha akasimama mbele ya hakimu akaomba huruma kwa kuwa yeye ni yatima. Lilikuwa neno la kulaumu. Lilipohamia New York pamoja na mamia ya maelfu ya wahamiaji, likaingia katika maduka na michezo ya jukwaani, na baada ya Leo Rosten kutoa mwaka 1968 kitabu chake cha furaha za Kiyidishi, ambacho Wamarekani wasiojua herufi hata moja ya lugha hiyo walikisoma kwa wingi, Mmarekani wa dini yoyote aliweza kulitamka. Ila alilitamka kwa kusifu, kwa maana ya ushujaa wa mfanyabiashara asiyekubali kuambiwa hapana. Yule yatima wa uwongo alikuwa amesahauliwa.

Neno nyadhi lilisafiri njia hiyo hiyo kwa kuelekea kinyume. Kwa Wajaluo nyadhi ni madaha, ile namna ya kutembea, kuvaa na kusema ambayo mtu huifanya kwa kujua na watazamaji huifurahia kwa kujua, nayo ni ndugu wa pakruok. Lilipopanda gari la moshi kutoka Kisumu, ambako reli ilifika mwezi wa Desemba 1901, na kuteremka katika mitaa ya Nairobi ya makarani na wafanyakazi wa reli, likasikiwa na watu ambao hawakujua kwamba mwenye suti ile anaicheka suti yake. Hao waliona takabari. Ndipo ukazaliwa ule mzaha wa Wakenya wote juu ya Mjaluo ajivunaye, anunuaye viatu kabla ya chakula, asemaye Kiingereza kirefu kuliko swali aliloulizwa. Na Wajaluo, kwa tabia yao, badala ya kuukanusha mzaha huo waliuchukua, wakaupandisha, wakajisifu hata kwa kujisifu kwao. Yawa na omera, maneno ya kumwita mwenzako kwa mshangao au kwa upendo, yalienda nao, na sasa hutamkwa na vijana wa Nairobi ambao hawajapata kuona ziwa.

Kuna mmoja, hata hivyo, aliyeweza kuvuka mpaka huo bila ya kuharibu kitu, na mimi humheshimu kwa ajili hiyo. Benson Wanjau, ambaye Wakenya walimjua kwa jina la Mzee Ojwang' Hatari katika mchezo wa Vitimbi wa televisheni ya taifa, alikuwa Mkikuyu, naye kwa miaka mingi aliigiza mzee wa Kijaluo mwenye Kiswahili cha lafudhi ya ziwani, mwenye hasira fupi na fahari ndefu. Kazi ya namna hiyo ni ya hatari. Katika majukwaa ya Marekani, wachekeshaji waliovaa ndevu za bandia na kuigiza lafudhi ya Kiyidishi mara nyingi waliwaumiza waliowaigiza, kwa sababu walichukua sauti na kuacha akili. Ojwang' alichukua akili. Fahari ya mzee yule haikuwa ya mjinga. Ilikuwa ya mtu ajuaye kwamba mkewe, Mama Kayai, hamwamini hata kidogo, na kwamba watazamaji wako upande wa mkewe, ambalo ndilo baraza la pakruok lililohamishiwa sebuleni. Alipofariki mwaka 2015 alililiwa na makabila yote.

Hapa sina budi kutaja jambo ambalo huwashangaza wasomaji kila wanapolisikia, kwamba baraza hizi mbili zilikaribia sana kuwa jirani. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliwapa viongozi wa Wayahudi wazo la kupewa nchi katika Afrika ya Mashariki, na mpango huo ukaitwa wa Uganda, ingawa ardhi iliyokusudiwa, uwanda wa Uasin Gishu, imo katika Kenya ya leo. Sababu ni kwamba mpaka mwaka 1902 nchi hizi zote, pamoja na Kisumu na pwani yake ya ziwa, zilihesabiwa kuwa jimbo la mashariki la Uganda. Mkutano wao wa sita katika mji wa Basel uligawanyika kwa machozi. Wakatumwa watu watatu kuikagua nchi, wakaizunguka mwanzoni mwa mwaka 1905, wakarudi na taarifa isiyotia moyo, na mkutano wa saba mwaka huo huo ukakataa. Wenye nchi ile, Wanandi na jamaa zao, hawakuulizwa na upande wowote. Wachache walikuja kwa hiari yao wenyewe, kama Abraham Block, mzaliwa wa Lithuania aliyefika mwaka 1903 kwa njia ya Afrika ya Kusini, akalima, akachuuza, na baadaye akawa mwenye mahoteli makubwa ya Nairobi. Na usharika wa Kiyahudi wa Nairobi ulianzishwa mwaka 1904. Lau mpango ule ungetimia, mabarobaro wa Usenge waliokwenda kutafuta kazi za mashamba wangalirudi Krismasi na hadithi za pipa la Chelm, nami sina shaka kwamba kabla ya Pasaka mmoja wao angalikuwa amejitangaza mbele ya nyatiti kuwa ndiye aliyeuiba mwezi ule.

Sharti la ujuzi lina faida nyingine, ambayo watawala huigundua wakiwa wamechelewa. Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa upande wa Shirati nchini Tanzania mwaka 1940, aliyeiongoza bendi ya Shirati Jazz na kuhesabiwa miongoni mwa waasisi wa muziki wa benga, alizijaza kanda na sahani za santuri sifa za wafadhili waliotaka majina yao yatajwe, ambayo ni pakruok kwa njia ya viwanda. Lakini katikati ya sifa hizo alipitisha ngano za wanyama na za Biblia ambazo msikilizaji wa Kisumu alizisikia kuwa habari za serikali, na msikilizaji asiyejua alizisikia kuwa habari za wanyama. Serikali mara nyingine ilipata mfasiri. Alikamatwa, na zaidi ya mara moja alirudishwa Tanzania, akavuka tena mpaka, akaimba tena, mpaka alipofariki katika ajali ya barabarani huko Kisumu mwaka 2006. Sholem Aleichem, aliyeandika chini ya wachunguzi wa vitabu wa Tsar wa Urusi, angalimwelewa bila ya mfasiri.

Siku hizi nyatiti ni adimu kuliko ilivyokuwa, na mahali pake pengi pameshikwa na ohangla, yenye ngoma nyingi na kinanda cha umeme, ambayo Tony Nyadundo na wenzake waliitoa matangani wakaifikisha katika kumbi za starehe za miji. Redio za Kidholuo kama Ramogi FM zimeipeleka pakruok hewani, ambako mtu aliye Mombasa hujitangaza kwa watu wa kijijini kwao ambao hawaoni uso wake. Wazee hunung'unika kwamba sifa za siku hizi ni fupi na zote ni za magari, na wana haki kwa sehemu. Majazi yalihitaji muda, na mpiga kinanda hapendi kungoja. Lakini kanuni ya kupanda juu ya kauli ya mwenzako haijafutwa. Hata siasa huishika: Raila Odinga, ambaye boma la baba yake liko Bondo papo hapo njiani kuelekea Usenge, aliitwa Tinga, kwa kuwa trekta ndilo lililokuwa alama ya chama chake katika uchaguzi wa mwaka 1997, na Agwambo, na Jakom, na Baba, na kila jina lilipoanza kuchakaa wafuasi wake walipanda kwa lingine.

Mgeni akialikwa barazani hapo, asidhani kwamba ataachwa atazame tu. Mtu ataulizwa yeye ni wuod nyar wapi. Akijibu kwamba hana pakruok, si ajabu akapewa moja papo hapo, iliyokatwa kwa kipimo cha tumbo lake, au mwendo wake, au jinsi alivyouliza bei ya samaki aitwaye ngege mchana ule sokoni, na itatangazwa kwa sauti na watu ambao hajapata kuwaona. Huko ndiko kukaribishwa, na ada ya mpigaji atailipa yeye.